Shajara ya mradi: kamera ya joto na ugonjwa wa kuoza kwato katika kondoo wa Kinangop

Februari, kabla ya masika

Mradi huu unatafuta jibu la swali moja: je, kamera ya joto ya bei nafuu, ya aina inayochomekwa kwenye simu, inaweza kumwonyesha mfugaji mdogo mguu wa kondoo ulioanza kuugua kabla kondoo huyo hajachechemea na kabla hajawaambukiza wenzake? Tumechagua uwanda wa Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, kwa sababu hapa ugonjwa wa kuoza kwato hupata kila unachohitaji. Uwanda huu uko kati ya safu ya milima ya Aberdare na Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Chini ya udongo wake wa juu kuna tabaka zito la mfinyanzi lisilopitisha maji, kwa hiyo masika yakishika malisho hutuama maji kwa majuma mengi. Mashamba ni madogo, na kondoo wa boma moja hukutana na wa boma jingine kando ya barabara na kwenye maji ya kunywea.

Ugonjwa wenyewe husababishwa na bakteria aitwaye Dichelobacter nodosus. Mtafiti Beveridge ndiye aliyethibitisha jambo hilo huko Australia, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1941, na mpaka leo mkakati wowote wa kuudhibiti umejengwa juu ya mambo mawili yanayotokana na kazi hiyo: kwamba makao ya kudumu ya bakteria huyu ni mguu wa mnyama mgonjwa, na kwamba akiwa nje ya mguu, kwenye tope na majani, kwa kawaida haishi zaidi ya wiki mbili hivi. Mara nyingi hukutwa pamoja na Fusobacterium necrophorum, mkazi wa kawaida wa kinyesi, ambaye huzidisha uharibifu. Huanzia kwenye ngozi iliyo katikati ya kwato mbili za mguu mmoja, ngozi ambayo kulowa kwa muda mrefu kumeilainisha na ambayo mawe na mabua makavu yameichubua. Hapo ngozi huwa nyekundu, yenye unyevu na isiyo na nywele. Usipotibiwa, ugonjwa huingia chini ya ukwato kuanzia kisigino na upande wa ndani, ukitenganisha ukwato na nyama yake, na hapo ndipo hutoka ile harufu ambayo mfugaji aliyewahi kuinusa haisahau.

Ngozi iliyovimba huletewa damu nyingi, na damu huja na joto. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi ambayo jicho haliioni. Kamera hizi huipokea ile yenye urefu wa mawimbi wa takriban mikromita 8 hadi 14 na kuigeuza kuwa picha. Kazi nyingi zilizochapishwa kuhusu kamera za joto na miguu ya mifugo ni za ng'ombe wa maziwa. Kwa upande wa kondoo, watafiti wa Teagasc, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ireland, walichapisha utafiti wao mwaka 2019. Sisi hatutafuti kuthibitisha upya kwamba mguu mgonjwa huwa na joto. Tunataka kujua kama joto hilo linaweza kuonekana kwa kifaa duni, mikononi mwa mtu ambaye si mtafiti, katika boma lenye tope, mwezi wa Aprili.

Machi, kuifahamu kamera

Kabla ya kumshika kondoo yeyote tumetumia muda mrefu na kamera peke yake, na ninaliandika hili kwa kirefu kwa sababu nadhani hapa ndipo majaribio mengi ya namna hii hufanikiwa au huharibika.

Jambo la kwanza ni umbali. Kamera yetu ina pikseli 160 kwa 120, na upana wake wa kuona unakaribia nyuzi 50. Ukisimama mita moja kutoka kwenye mguu, kila pikseli hufunika karibu milimita 6. Ukisogea hadi nusu mita, hufunika karibu milimita 3. Kipimo cha kuaminika huhitaji angalau eneo la pikseli tatu kwa tatu lililojaa kitu kimoja tu, kwa hiyo kutoka nusu mita sehemu ndogo kabisa tunayoweza kuipima ina ukubwa wa milimita 9 hivi. Hiyo inatosha kuupima ukanda ule wa ngozi ulio juu ya ukwato, pale nywele zinapoishia, ambao tumeuchagua kuwa mahali pa kipimo. Kutoka mita mbili, kipimo hichohicho huchanganya ngozi, nywele, ukwato na ardhi, na namba inayotoka si joto la chochote kati ya hivyo. Picha zinazopigwa kutoka ng'ambo ya ua zinapendeza kuzitazama lakini hazina thamani ya kipimo, na tumeamua kutozihifadhi kama data.

Jambo la pili ni rangi. Programu ya kamera hujipangia rangi yenyewe kwa kila picha: kitu chenye joto kuliko vyote katika picha hiyo hupewa rangi nyeupe au njano, hata kama tofauti yake na kilicho baridi kuliko vyote ni ndogo mno. Ndiyo maana kondoo mzima kabisa anaweza kuonekana kana kwamba mguu wake unawaka, na mgonjwa akaonekana wa kawaida kwa sababu tu mkono wa mtu aliyemshika umeingia kwenye picha na kuchukua rangi ya juu. Tumefunga kipimo cha rangi katika masafa yaleyale kwa picha zote za siku moja, na tunahifadhi faili lenye joto la kila pikseli badala ya picha ya rangi peke yake. Mtu yeyote anayetaka kufuata njia hii ningemsihi ahakikishe, kabla ya kununua kamera, kwamba inaweza kutoa faili la namna hiyo.

Jambo la tatu ndilo lililoamua umbo zima la mradi. Watengenezaji wa kamera hizi hueleza kwamba joto zinalolitaja linaweza kukosea kwa nyuzi 2 au 3 za Selsiasi kwenda juu au chini, ilhali ndani ya picha moja kamera hiyohiyo hutofautisha sehemu zinazopishana kwa sehemu ya kumi ya nyuzi au karibu na hapo. Maana yake ni kwamba kusema "mguu huu una nyuzi 31" ni kujiamini kupita kiasi, lakini kusema "mguu huu umeuzidi mwenzake" ni kauli yenye msingi. Kwa hiyo tunalinganisha miguu ya kondoo mmoja kwa wakati mmoja: wa mbele kwa wa mbele, wa nyuma kwa wa nyuma, na penye shaka yote minne. Kondoo mwenyewe ndiye kipimo cha kujilinganishia, akiwa amekunywa maji yaleyale, amesimama kwenye upepo uleule na amelala kwenye sakafu ileile.

Mengine ni madogo. Kipengele cha emisiviti, yaani kiasi cha uwezo wa kitu kutoa mionzi ya joto, tumekiweka 0.98, ambacho ndicho cha ngozi. Kamera ikitolewa mfukoni huachwa nje izoee hewa kabla ya kutumika, maana vipimo vyake huyumba joto lake lenyewe linapobadilika. Ukuta wa mabati nyuma ya mnyama tunaufunika kwa gunia, kwa sababu mabati huakisi joto la kondoo na la mpiga picha na kuleta madoa yasiyokuwa na maana.

Aprili, mvua

Masika yameshika, na tatizo tulilolitarajia limekuja na uzito wake wote. Hali inayoleta ugonjwa ndiyo inayoipofusha kamera. Dichelobacter nodosus huambukiza vizuri ardhi ikiwa imelowa na hewa ikizidi nyuzi 10 hivi, yaani siku zilezile ambazo mguu wa kondoo umefunikwa na tope na maji. Mionzi tunayoipima haipiti ndani ya maji wala ndani ya tope. Tope likikaa juu ya ngozi, tunapima joto la tope. Maji yakikaa juu ya ngozi, tunapima joto la uso wa maji, ambayo wakati huohuo yanakauka na kuipoza ngozi iliyo chini yake. Mguu mmoja uliolowa na mwenzake uliokauka hutofautiana kwa kiasi ambacho mtu asiyejua angekiita ugonjwa, tena angeuonea shaka ule mkavu, ambao huenda ni mzima.

Kuosha miguu hakusaidii. Maji baridi huibana mishipa ya damu na kuushusha mguu joto, na mguu uliovimba haurudi katika hali yake kwa mwendo sawa na mguu mzima. Kungoja mpaka hali itulie huchukua muda ambao mfugaji mwenye kazi ya kukamua na kupeleka maziwa hana. Kufuta kwa kitambaa kimoja kutoka mguu hadi mguu tumekukataa kabisa, kwa sababu kitambaa hicho kingekuwa njia ya kusambaza maradhi tunayoyatafuta.

Njia iliyobaki imetoka kwa mfugaji mwenyeji wetu, mama mwenye kondoo wa Corriedale waliochanganyika na Hampshire Down, ambaye banda lake lina sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, yenye nafasi za kupitisha kinyesi. Alitushauri tuache kuwapiga picha kondoo wanaporudi kutoka malishoni na badala yake tuwapige alfajiri, kabla hawajatoka. Usiku kucha miguu hukauka, na tope lililokauka hupukutika kwa konzi ya majani makavu, konzi moja kwa kila mguu, ambayo baadaye huchomwa. Tangu tulipoufuata ushauri huo, picha zimekuwa na maana hata katika majuma yenye mvua nyingi.

Alfajiri ina faida nyingine mbili. Jua halijaanza kuchoma upande mmoja wa mnyama. Kwato nyeusi hupokea joto la jua haraka kuliko nyeupe, na kondoo wengi hapa wana kwato za rangi mchanganyiko. Pili, kondoo hawajatembea. Hata hivyo kuna tahadhari: kondoo anapolala hukunja miguu yake chini ya tumbo, na mguu uliolaliwa huamka na joto la mwili. Tunawasimamisha wote, tunawaacha wakae wima kwa muda huku tukiandaa daftari, kisha ndipo tunaanza. Asiyefanya hivyo atapata wagonjwa wengi sana ambao wote walikuwa wamelala vizuri.

Kwa mabanda yenye sakafu ya udongo, ambayo ndiyo mengi, bado hatuna jibu zuri. Matandiko makavu yakiwekwa jioni husaidia kiasi, lakini samadi iliyo chini yake huchacha na kutoa joto lake yenyewe, na joto hilo hupanda miguuni. Naliona hili kuwa pengo kubwa la mradi kuliko upungufu wowote wa kamera.

Mei, picha dhidi ya jicho na mkono

Sasa tunalinganisha picha na ukweli, na ukweli katika jambo hili hupatikana kwa njia moja tu: kumkalisha kondoo, kuinua kila mguu, kutenganisha kwato mbili na kutazama. Daktari wa mifugo anayeshirikiana nasi hutoa alama kwa kipimo cha Egerton na Roberts cha mwaka 1971, ambacho huanza sifuri kwa mguu mzima na kwenda hadi 4 kwa mguu ambao utengano wa ukwato umeenea hadi ukuta wa nje. Daktari haoni picha za joto kabla ya kutoa alama, na mpiga picha haoni alama. Tumelisimamia sharti hili kwa ukali, kwa sababu mtu aliyekwishaona doa jeupe kwenye skrini atautazama mguu huo kwa makini zaidi kuliko mingine, na akitafuta kidonda atakipata.

Tunachokiona mpaka sasa ni kwamba miguu yenye utengano wa ukwato uliokolea hujionyesha waziwazi, hata kwa mtu aliyeishika kamera kwa mara ya kwanza. Lakini hiyo ndiyo miguu ambayo kamera haihitajiki kuitambua: kondoo huyo tayari anachechemea au anakula akiwa amepiga magoti ya mbele, na harufu imekwishafika mlangoni. Thamani ya kamera iko kwenye ngazi za mwanzo, pale ngozi ya katikati inapoanza kuwa nyekundu, na hapo tofauti ya joto ni ndogo na mara nyingine haionekani kutoka mbele kwa sababu nywele zimeifunika. Tumeongeza picha ya pili kutoka nyuma, ya visigino, na imeokoa miguu kadhaa ambayo ya mbele iliikosa. Upande mwingine wa kipimo una shida yake pia: mguu wenye ugonjwa wa muda mrefu, uliokwisha kupinda na kukakamaa, unaweza kuwa hauna joto kabisa ingawa bado umebeba bakteria. Kondoo wa namna hiyo ndiye hazina ya maradhi kundini, na kamera inampita.

Ni muhimu pia kueleweka mapema kwamba kipimo chochote cha namna hii kitatoa tahadhari nyingi za bure, hata kikiwa kizuri. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kundi lina kondoo 100, yaani miguu 400, na miguu 20 ni migonjwa. Tuseme kamera inakamata tisa kati ya kila miguu kumi migonjwa, na inakosea mmoja kati ya kila kumi mizima. Itakamata 18 kati ya ile 20, lakini itatia shaka pia miguu 38 mizima. Kati ya miguu 56 iliyotiliwa shaka, chini ya theluthi moja ndiyo yenye ugonjwa. Kiangazi, wagonjwa wakiwa wachache zaidi, uwiano huo huwa mbaya zaidi ingawa kamera ni ileile.

Mfugaji mmoja alipoelezwa hesabu hii aliuliza, kwa haki, kamera hiyo ina faida gani basi. Jibu langu ni kwamba anayeitazama kama daktari atakata tamaa, na anayeitazama kama mtu wa kupanga foleni atafaidika. Kuinua miguu 56 ni kazi ya asubuhi moja. Kuinua 400 ni kazi ambayo haifanywi, na kwa kuwa haifanywi, ugonjwa hugunduliwa ukiwa umekwishaenea. Kwa hiyo katika mradi huu hakuna kondoo atakayedungwa sindano kwa sababu ya picha. Picha huamua mguu upi uinuliwe kwanza, kisha jicho, mkono na pua huamua yaliyobaki. Ile miguu miwili iliyoponyoka katika mfano huo nayo haitusamehe, kwani kila mmoja unaweza kuambukiza malisho yote. Ndiyo maana zoezi la kuwatazama kondoo wakitembea linaendelea palepale, kila siku, bila kamera.

Juni, baridi

Ukungu umetanda na asubuhi nyingine kuna jalidi kwenye nyasi. Baridi hii imekuwa msaada. Kondoo hutumia miguu yake kuhifadhi joto la mwili: hewa ikiwa baridi, mishipa ya damu ya miguuni hubanwa na mguu mzima hupoa hadi kukaribia joto la hewa, wakati mguu uliovimba hubaki na damu na joto lake. Pengo kati ya mgonjwa na mzima hupanuka. Hewa ikiwa moto, miguu yote hufunguliwa ili kutoa joto, na pengo hilo hufifia. Hii ndiyo sababu sitarajii kwamba njia yetu itahamishika kwa urahisi kwenda nyanda za chini zenye joto bila kurekebishwa, na ndiyo sababu nyingine ya kutoweka kiwango kimoja cha nyuzi ambacho kila mfugaji akifuate. Kiwango kilichofaa alfajiri ya Juni kinaweza kuwa hakina maana mchana wa Februari katika boma hilohilo.

Kuna tabia moja ya mwili inayostahili kuangaliwa. Mguu uliokaa kwenye baridi kali kwa muda hufunguliwa mishipa kwa vipindi, ili nyama isife kwa kukosa damu, kisha hubanwa tena. Ukipiga picha wakati wa kufunguliwa, mguu usio na ugonjwa huonekana wa moto. Dawa yake ni subira: mguu unaotiliwa shaka hupigwa tena baada ya muda, na uvimbe wa kweli hauondoki katika kipindi hicho.

Mwezi huu pia tumepata kondoo ambao picha zao zilionyesha joto kwenye ukanda wa juu wa kwato katika zaidi ya mguu mmoja. Hapo kazi yetu ilisimama mara moja. Kuoza kwato kunaweza kushika miguu kadhaa, lakini joto la ghafla kwenye ukanda huo, katika miguu mingi na kwa wanyama kadhaa kwa pamoja, huleta shaka ya ugonjwa wa miguu na midomo, ambao kwa kondoo huwa hafifu kuliko kwa ng'ombe na hupita bila kutambuliwa. Ugonjwa huo ni wa kutolewa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, na kutembea kutoka boma moja hadi jingine kwa viatu vyenye tope ni njia nzuri ya kuueneza. Daktari alikagua vinywa na ndimi, hakukuta malengelenge, na chanzo kikaonekana kuwa ngozi ya katikati ya kwato iliyochubuka. Hata hivyo tumeandika kanuni ya kudumu: joto katika miguu mingi ya wanyama wengi humaanisha kusimamisha upigaji picha, kutotoka nje ya boma hilo, na kumwita daktari kabla ya kufanya jambo lolote jingine. Kamera huona joto tu. Mwiba, jipu la ukwato, mfupa uliopata jeraha na virusi hatari vyote humfikia mpiga picha vikiwa na sura moja.

Julai, tiba na kisu

Kutambua mapema hakuna faida kama tiba inayofuata ni mbaya, kwa hiyo tumelazimika kuingia katika suala ambalo halikuwa kwenye mpango: kisu. Desturi ya hapa, kama ilivyokuwa Uingereza kwa miaka mingi, ni kwamba kondoo akichechemea hukalishwa chini na ukwato wake kuchongwa mpaka damu itoke. Utafiti wa Laura Green na wenzake katika Chuo Kikuu cha Warwick umeonyesha kwamba kuchonga ukwato wenye ugonjwa huchelewesha kupona, na kwamba kondoo hupona haraka zaidi akipata antibiotiki ya sindano pamoja na dawa ya kupulizia mguuni, bila kuchongwa. Kisu hicho pia husafirisha bakteria kutoka mguu hadi mguu, na vipande vya ukwato vilivyoachwa chini huwahifadhi bakteria kwa muda mrefu kuliko malisho yenyewe. Kuchonga kupita kiasi huotesha nyama laini nyekundu kwenye ncha ya ukwato, ambayo haiponi kirahisi na humwacha kondoo kilema.

Kwa hiyo mguu uliotiliwa shaka na kamera na kuthibitishwa na mkono hushughulikiwa na daktari kwa sindano ya oksitetrasaiklini, antibiotiki ya aina inayokaa mwilini kwa muda mrefu, kwa kipimo cha uzito wa mnyama, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja huandikwa kwenye daftari la mfugaji mbele yake. Tunakusudia tiba ianze ndani ya siku tatu tangu dalili ya kwanza. Kwa kundi lililoshikwa kwenye ngozi ya katikati peke yake, bafu ya miguu yenye salfeti ya zinki ya asilimia 10 imetosha. Fomalini tumeiacha; hata kwa asilimia 3 huchoma ngozi iliyochubuka, na mvuke wake ni hatari kwa anayeichanganya.

Mzee mmoja ambaye amechonga kwato tangu ujana wake alisikiliza haya yote kwa adabu, kisha akasema ataamini akiona. Tumekubaliana naye, na daktari akaridhia, kwamba wagonjwa wake wote wapate tiba bila kisu, nasi tupige picha miguu hiyo kila mara tunapofika kwake. Sitaki kuharakisha matokeo, lakini picha za kufuatilia zimeonyesha matumizi ambayo hatukuyafikiria mwanzoni. Mguu unaopona huonekana ukirudi kulingana na mwenzake, na ule unaobaki wa moto humwambia daktari kwamba dawa haikufika au kwamba chanzo ni kingine. Katika boma la mzee huyo, mguu mmoja uliokataa kupoa ulikutwa na jipu chini ya wayo. Nadhani ufuatiliaji huu unaweza kuwa na thamani kubwa kuliko utambuzi wa mwanzo, na nitauombea nafasi yake katika awamu ijayo.

Agosti, kabla ya vuli

Mvua fupi zitaanza Oktoba, na yafuatayo lazima yawe tayari kabla ya hapo.

Kwanza ni sakafu. Tutajenga jukwaa dogo la mbao linaloweza kubebwa, la kutosha kondoo wachache kulala usiku mmoja, ili mabanda ya udongo yaweze kuingia katika mradi. Bila hilo, matokeo yetu yatawahusu wenye mabanda mazuri peke yao, na hao sio wenye ugonjwa mwingi.

Pili ni kondoo wanaonunuliwa. Ugonjwa huu huingia bomani kwa miguu ya mnyama mgeni, na karantini ya wiki nne inayopendekezwa kwingineko ni ngumu kwa mwenye shamba la ekari moja. Tunataka kujaribu kumpiga picha kila kondoo mgeni alfajiri ya kwanza na kumrudia kabla ya kuachiliwa kundini, na kuinua miguu yake yote minne bila kujali picha inasema nini, kwa kuwa mbeba maradhi aliyekakamaa ukwato hatajionyesha kwa joto.

Tatu ni sampuli. Daktari ataanza kuchukua pamba za kupangusia kutoka kwenye miguu iliyothibitishwa, kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, ili tujue kama aina kali na aina hafifu ya bakteria zinatofautiana katika joto zinaloleta. Picha za miguu hiyo tayari zimetengwa katika folda yake, zikiwa na namba ya hereni ya kondoo, mguu, alama ya daktari, hali ya hewa na saa ya kupigwa.